Kabambe au simu janja? Maswali ninayoulizwa kila siku kibandani Kawangware

Kibanda changu kiko karibu na steji ya matatu za 46, Kawangware, Nairobi. Ninaweka na kutoa pesa za M-Pesa, ninauza simu, chaja, betri na vioo, na kwenye kona yuko fundi tunayegawana naye kodi. Wanaopita kuuliza "ninunue simu gani?" ni wengi kuliko wanaonunua, na maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandikia majibu pamoja. Neno moja utalikuta mara nyingi humu: laini, yaani kadi ya SIM. Kabla hujaitazama simu, itazame laini yako. Laini ndiyo iliyobeba pesa zako, jina lako na kitambulisho chako. Simu ni chombo cha kuibebea tu, na chombo huchaguliwa kwa mzigo.

Tofauti ya kabambe na simu janja ni nini hasa, ukiacha ukubwa wa kioo?

Kabambe, au mulika mwizi kama wengi wanavyoiita kwa sababu ya tochi yake, imetengenezwa kwa kazi chache: kupiga, kupokea, kutuma ujumbe, redio, tochi na kengele ya kukuamsha. Vilivyomo viliwekwa kiwandani, na kwa nyingi huwezi kuongeza kingine. Simu janja ni kompyuta ya mkononi. Unaongeza programu unazozitaka. Hapo ndipo nguvu yake ilipo na ndipo gharama yake ilipo, kwa sababu kila programu inataka nafasi, inataka bando, inataka kusasishwa, na miaka ikisonga inaikataa simu iliyozeeka. Tangu Januari 2025, kwa mfano, WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4 wala zilizo chini yake. Kabambe ya umri ule ule bado inapiga simu vile vile.

M-Pesa inafanya kazi sawasawa kwenye kabambe?

Inafanya. Swali hili huniuma kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wakitishwa kwamba M-Pesa "itafungwa kwenye simu ndogo", wakakopa kununua simu ambayo hawakuihitaji. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya wengi walikuwa na simu za vitufe, na huduma ikajengwa kwa ajili yao. Menyu yake inakaa ndani ya laini, si ndani ya simu. Ndiyo maana ukiitoa laini kwenye simu hii na kuitia kwenye nyingine, menyu inakufuata.

Ukiongeza *334#, kabambe yako inatuma, inatoa kwa wakala, inalipa Paybill na Till (namba za malipo za kampuni na za maduka), inafungua Pochi la Biashara, inaingia M-Shwari (akiba na mikopo) na Fuliza (mkopo wa kujazia salio lisilotosha). Tokeni za stima unazinunua kwa Paybill 888880, unaweka namba ya mita, na tarakimu 20 zinakuja kwa ujumbe wa kawaida. Kiwango cha juu cha muamala mmoja, shilingi 250,000, ni kile kile uwe na simu ya elfu moja au ya laki moja.

Utakachokosa ni programu ya M-Pesa yenyewe, inayokupangia matumizi yako uyaone kwa macho na kukuruhusu kutumia alama ya kidole badala ya kubonyeza PIN. Kama unafanya biashara yenye malipo mengi kwa siku, hilo ni jambo kubwa. Kama unatuma pesa mara tatu kwa wiki, halikupunguzii kitu.

Na huduma za serikali? Nasikia kila kitu sasa ni mtandaoni.

Nyingi zina njia ya nyota pia. Kujisajili na kukagua hali yako SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni *147#. eCitizen, lango la huduma za serikali mtandaoni, nayo ina yake. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, tangu ilipozinduliwa Novemba 2022, ni *254#. Ukilipia huduma ya serikali, Paybill ni 222222. Zile namba za siri za kuthibitisha kwamba ni wewe huja kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi unafika kwenye kabambe bila bando.

Panapokwama ni pale unapotakiwa kupakia picha ya kitambulisho, cheti au barua, au kujaza fomu ndefu. Maombi ya pasipoti huwezi kuyamaliza kwa vitufe. Lakini hata mwenye simu janja mara nyingi huishia saiba, duka la kompyuta za intaneti, kwa kazi hizo, kwa kuwa kioo ni kidogo na hati zinataka kuskaniwa. Mtu anayefanya hivyo mara moja au mbili kwa mwaka anaweza kumlipa wa saiba na maisha yakaendelea. Ila ukiwa saiba, nenosiri lako liandike wewe mwenyewe, na usiondoke kabla hujatoka kwenye akaunti.

Kazi yangu ni ya mikono. Ninunue ipi?

Hapa siwezi kukujibu bila kukuuliza: kazi inakujia kwa njia gani?

Mtu wa mjengo ambaye foreman humpigia jioni kumwambia "kesho njoo Lavington" anahitaji simu isiyozima, inayosikika penye kelele, na isiyokufa ikianguka kwenye kokoto. Hiyo ni kabambe, wala si jambo la kuonea haya. Fundi wa mabomba au wa rangi ni habari nyingine. Wateja wake wanataka kuona kazi aliyoifanya wiki iliyopita, wanamtumia picha ya bomba lililopasuka na mahali pa kufika kwenye ramani. Fundi huyo asiyekuwa na WhatsApp anapitwa na kazi huku akiwa amesimama pale pale. Simu janja kwake ni kifaa cha kazi kama spana.

Mwendesha boda wa stejini, anayewajua abiria wake kwa majina, anaweza kukaa na kabambe miaka. Akitaka kubebea abiria kupitia Bolt au Uber, lazima simu janja, tena yenye betri nzuri na ramani isiyokwama, pamoja na kishikizo imara kwenye usukani.

Mama mboga? Wengi niliowauzia walianza na kabambe na Pochi la Biashara, ambayo huweka pesa za wateja mbali na pesa za nyumbani. Inatosha kabisa. Lakini mama anayekatakata sukuma na kuwapelekea wateja majumbani, mwenye kundi la WhatsApp la watu wa ploti tatu wanaoagiza asubuhi, huyo simu janja inamrudishia pesa kwa miezi michache. Nimemwona mmoja akihama kutoka karai moja la mboga hadi kibanda chenye mlango. Simu haikumlimia mboga wala kwenda sokoni saa kumi kwa niaba yake, ila ilimwonyesha ni nani anataka nini kabla hajanunua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama huwezi kunitajia shilingi itakayoingia au kazi itakayookolewa kwa sababu una simu janja, subiri kwanza.

Ninaogopa kunyang'anywa simu mjini. Kabambe ni salama zaidi?

Haiwavutii wezi kama simu janja, hilo ni kweli. Anayenyakua simu kwenye dirisha la matatu pale foleni inaposimama, au anayekupita mbio barabara ya Tom Mboya jioni, anataka simu ya kuuza. Lakini usidanganyike ukadhani kabambe haina hasara. Simu ikienda, laini imekwenda nayo, na kwenye kabambe isiyo na ulinzi wowote mwizi ana laini iliyo wazi. Anaweza kuichomoa, kuitia kwenye simu nyingine, na kuanza kupokea jumbe zako za kuthibitisha.

Dawa ni kufunga laini yenyewe kwa PIN ya SIM. Iko kwenye mipangilio ya usalama ya simu zote, kubwa na ndogo, na watu wachache mno huitumia. Ukiiwasha, laini haifanyi kazi kwenye simu yoyote inapowashwa mpaka namba hiyo iwekwe. Ukikosea mara tatu itadai PUK, iliyoandikwa kwenye kile kikadi ulichokatiwa laini. PUK nayo ukiikosea mara kumi, laini inakufa, basi usibahatishe. Kikadi hicho kiweke nyumbani pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Piga pia *#06# sasa hivi, unakili namba ya tarakimu 15 inayotokea. Hiyo ni IMEI, jina la simu yako duniani. Ikiibwa, polisi wataitaka kwenye kuandikisha.

Wakazi wengi wa mji huu wameishia kubeba simu mbili: janja ya intaneti yenye laini isiyo na pesa, na kabambe mfukoni mwa ndani yenye laini ya M-Pesa. Mimi mwenyewe hufanya hivyo na ninashauri hivyo kwa anayemudu. Kinachoibwa mara nyingi ni kile kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi huwa ni janja.

Ikishaibwa nifanye nini kwanza?

Azima simu ya mtu yeyote, piga kampuni ya laini yako, ifungwe. Hili litangulie mbele ya polisi na mbele ya kumtafuta mwizi. Kisha nenda dukani kwao na kitambulisho ukarudishiwe namba yako. Kama ilikuwa simu janja, ingia kwenye akaunti yako ya Google kupitia simu ya mwenzako, uifunge na kuifuta kutoka mbali. Halafu ndipo uende kituoni kuandikisha.

Waarifu watu wako pia. Mwizi mwenye laini yako atawaandikia "nimekwama, nitumie elfu mbili", nao wataamini kwa sababu ni namba yako.

Betri ya kabambe inakaa siku ngapi?

Kadhaa, mradi tochi umeizima. Betri zake nyingi ni za aina ya BL-5C au zinazofanana nayo, karibu mAh 1,000, wakati simu janja ya leo ina 5,000 na bado unaichaji kila usiku. Tofauti iko kwenye kioo na intaneti. Na jambo linalonifurahisha: betri ya kabambe unaibadilisha mwenyewe kwa kucha, bila kumwona fundi. Mtaa ukikosa stima siku mbili, ndipo watu hukumbuka.

Kuna kabambe yenye WhatsApp?

Zilikuwepo nyingi, zile za mfumo wa KaiOS. Usinunue kwa sababu hiyo. Katikati ya 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na mwaka uliofuata msaada wake ukakoma. Bado nawaona wauzaji wakizinadi kwa sifa hiyo, na mnunuzi akifika nyumbani hapati kitu. Ukiitaka WhatsApp, nunua simu janja. Usitafute njia ya kati.

Kabambe ya 4G ina faida gani, kama haina WhatsApp?

Inakuwa na sauti safi kwenye simu za 4G, na baadhi yake zinaweza kurushia simu nyingine intaneti. Lakini sababu yangu ya kuipendekeza ni umri. Mitandao ya 2G, ile ya zamani ambayo kabambe nyingi hutegemea, haitakaa milele: Marekani, kampuni ya simu ya AT&T iliizima yake Januari 2017, na nchi nyingine zimefuata. Hapa kwetu 2G bado inabeba watu wengi sana. Ila kama unamnunulia mzazi simu unayotaka idumu miaka mingi, ongeza shilingi kidogo upate ya 4G.

Simu za kulipa kidogo kidogo kila siku ni nzuri?

Zimewafikisha watu wengi kwenye intaneti, sitakana. Mpango wa Safaricom na Google wa 2020, Lipa Mdogo Mdogo, ulianza kwa shilingi 20 kwa siku, na kwa mtu asiye na elfu saba za mkupuo hiyo ilikuwa njia ya pekee. Lakini kaa chini na kalamu kabla ya kutia sahihi. Shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mzima ni 18,250, na amana uliyotoa mwanzoni haimo. Uliza bei ya simu hiyo hiyo ukilipa taslimu leo. Toa moja kwenye nyingine. Kinachobaki ndiyo bei ya kukosa pesa za mkupuo, na wakati mwingine kinakaribia bei ya simu ya pili.

Uliza pia: nikikosa kulipa siku tatu simu itafungwaje? Nyingi hujifunga zenyewe mpaka ulipe. Kwa mtu wa kibarua hili si dogo. Wiki isiyo na kazi ndiyo wiki unayohitaji simu ili upate kazi, na ndiyo wiki simu itakapofungwa. Nimewaona vijana wakisimama hapa na simu nzuri iliyozima, wakiniomba niwaazime yangu wampigie foreman. Anayechukua mpango huu ninamsihi abaki na kabambe yake ya zamani ikiwa na laini ndani. Asiiuze ili apate amana.

Kama kuna chama, njia ya chama ni nafuu kuliko zote. Wanawake kumi, mia tano kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mmoja anapata elfu tano za simu. Haina riba, na hakuna wa kukufungia simu.

Nitajuaje kwamba simu ninayouziwa Luthuli, kwenye maduka ya simu ya mjini, si bandia?

Nitakuambia kwa uchungu, kwa sababu nilishauziwa. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijaanza biashara hii, nilinunua simu ya "GB 128" kwenye duka moja la mjini, na muuzaji akanionyesha namba hiyo kwenye mipangilio. Nikapiga picha za harusi ya mdogo wangu. Baada ya wiki chache picha zikawa hazifunguki, zimegeuka mraba wa kijivu. Nafasi ya kweli haikufika GB 16. Kilichoandikwa kwenye kioo kilikuwa kimechezewa. Picha za mama akicheza na mashangazi zake sikuzipata tena. Simu ningesamehe.

Basi fanya hivi ukiwa bado dukani, pesa zikiwa mfukoni mwako. Piga *#06# na ulinganishe IMEI na iliyo kwenye boksi, zisipofanana, rudisha. Fungua duka la programu la Google na upakue kitu palepale. Simu nyingi bandia hushindwa. Washa kamera, rekodi video ya dakika mbili, uicheze. Tia laini yako, piga simu, sikiliza spika na umwulize wa upande wa pili kama anakusikia. Chomeka chaja uone kama inaingia moto. Bonyeza kila kona ya kioo. Muuzaji anayekuharakisha amekujibu swali lako.

Chukua risiti yenye IMEI imeandikwa, na muda wa warranty. Serikali ilishawahi kuzima simu bandia nchi nzima, usiku wa mwisho wa Septemba 2012, na waliolala na simu wakaamka nazo zimekufa mtandaoni ni wengi. Januari 2025 serikali ilileta utaratibu wa kuzifuata IMEI kwa ajili ya ushuru, ingawa Mahakama Kuu iliubatilisha mwaka huo huo. Kwa hiyo simu iliyoingia nchini kwa mlango wa nyuma inaweza kukuletea taabu ambayo muuzaji hatakuwepo kuibeba.

Za mtumba kutoka ng'ambo je?

Zipo nzuri sana, na kwa bei ile ile utapata kamera na kioo bora kuliko mpya ya bei ya chini. Tatizo ni betri iliyochoka na akaunti ya mwenye simu wa kwanza iliyobaki ndani. Mwambie muuzaji aifute mbele yako mpaka iwe kama mpya, uiwashe mwanzo hadi mwisho. Ikidai barua pepe ya mtu usiyemjua, achana nayo hata kama bei ni tamu.

RAM na nafasi, kiasi gani kinatosha?

RAM ni kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, na nafasi ni ghala la kuweka vitu. Usishuke chini ya RAM ya GB 3 na nafasi ya GB 64. Simu zilizounganishwa Athi River, zile Neon zilizozinduliwa 2023 kwa shilingi 7,499 na 8,999, zilileta 4G kwa bei ya chini na nilizifurahia. Lakini kwa simu yoyote ya bei hiyo, jua kwamba WhatsApp peke yake, na video za makundi ya kanisa na ya wazazi, itaijaza nafasi upesi. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja siku ile ile uliyonunua. Umeokoa bando pia.

Bando langu linaisha bila kuligusa. Hii simu ina nini?

Programu zinajisasisha zenyewe nyuma ya pazia, na picha zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nenda kwenye mipangilio, uziruhusu kufanya hivyo kwa Wi-Fi tu. Na kama kredo ndiyo inayoliwa baada ya bando kuisha, Safaricom wameweka sehemu kwenye *544# ya kuzuia matumizi nje ya bando. Dakika moja tu.

Nimekuwa nikikopa kwenye programu za simu na kucheza kamari. Nikirudi kabambe itanisaidia?

Ninakujibu kwa heshima, kwa sababu anayeuliza hili huwa ameshalia mahali. Itasaidia nusu. Kabambe inaondoa zile taarifa zinazowaka usiku wa manane na kukuita, inaondoa michezo ya kubonyeza kila sekunde, na inakata programu za mikopo zilizokuwa zikisoma namba za simu za jamaa zako ili ziwapigie ukichelewa. Tabia hiyo ya kuwapigia jamaa ni moja ya sababu zilizofanya Benki Kuu ipewe mamlaka ya kuwasimamia wakopeshaji hao, na kanuni zikatoka Machi 2022. Ukikopeshwa na asiye na leseni, au akiwasumbua watu wako, una mahali pa kulalamika: Benki Kuu, na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data.

Lakini Fuliza, M-Shwari na kamari ya ujumbe mfupi zinapatikana kwenye kabambe pia. Fuliza unaweza kujiondoa kupitia *334# ukishalipa deni. Mteja wangu mmoja aliniachia simu janja yake kwenye droo miezi minne, akabaki na ya vitufe. Mwezi wa tano alikuja na kodi ya nyumba yote mkononi, akaniomba nimhesabie mara mbili. Simu yake nilimrudishia ikiwa safi, na akaamua mwenyewe nini kirudi ndani.

Mtoto wangu anaingia sekondari. Nimnunulie simu?

Shule nyingi za bweni haziruhusu simu ya aina yoyote, kwa hiyo uliza kwanza. Wa kutwa anayepanda matatu mbili kutoka Kawangware hadi shule, mpe kabambe ili ujue amefika. Kazi za shule zinazohitaji intaneti zifanyike kwenye simu ya mzazi, sebuleni, watu wakiwepo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona tuliona watoto wasio na simu janja nyumbani wakiachwa nyuma, na sitaki hilo lirudi. Lakini simu ya nyumba na simu ya mtoto ni vitu viwili.

Nyanya yuko mashambani, macho yamefifia. Anataka kuwaona wajukuu.

Mnunulie kabambe yenye vitufe vikubwa iwe yake. Weka wanne kwenye namba za haraka: akibonyeza 2 na kushikilia, ni wewe, 3, ni shangazi. Mwonyeshe tochi iwashwapo gizani. Halafu ile ya kuwaona wajukuu iwe simu janja ya mtu wa pale nyumbani, mjukuu mkubwa au jirani anayeaminika, mpige kwa video Jumapili baada ya kanisa. Simu janja aliyoachiwa mzee peke yake huishia kabatini, au PIN inaandikwa kwenye karatasi nyuma ya kifuniko. Nimeshakuta karatasi hiyo zaidi ya mara moja.

Akiwa haoni kabisa, hesabu inageuka. Android inaweza kumsomea kila kilicho kwenye kioo kwa sauti, na kwa asiyeona simu janja inaweza kuwa ukombozi. Apate mtu wa kukaa naye siku kadhaa amzoeze.

Na mwambieni jambo moja, kwa lugha anayoisikia vizuri: mtu akipiga akisema ametuma pesa kimakosa, asirudishe. Atazame salio kwanza. Kama pesa ziliingia kweli, aliyetuma aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 na zitarudishwa kwa utaratibu.

Nikihamia kabambe, namba zangu zitapotea?

Hazipotei kama utazinakili kwenye laini kabla ya kuitoa. Laini nyingi hubeba namba takriban 250, na majina marefu hukatwa, basi chagua unaowapigia kweli. Zilizobaki ziache kwenye akaunti ya Google.

Redio inashika bila earphone?

Kabambe nyingi, ndiyo. Simu janja nyingi hutaka waya wa earphone uwe antena.

Nina elfu tano tu leo. Ungenishauri nini?

Kabambe ya 4G yenye sehemu mbili za laini, mpya, yenye risiti. Kinachobaki kiweke pembeni, uongeze kwa miezi michache ufikie simu janja isiyokukwaza. Simu janja ya elfu nne utaipenda wiki mbili.

Simu ya zamani niifanyie nini?

Ikiwa inawaka, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ifute kabisa, na umpe anayeihitaji. Ikiwa imekufa, usiitupe ikaishia jalala la Dandora na taka nyingine, na betri iliyovimba usiitoboe wala kuichoma, inaweza kulipuka. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea vifaa vya umeme vilivyokufa na kuvivunja kwa njia salama. Mimi huzikusanya kwenye ndoo chini ya meza, na ikijaa fundi wangu huzipeleka. Ukipita na yako, niachie.